Bodi ya shule ya Sumter: Jimmy Carter alipataje kiti, na kura zake za kwanza zilikuwaje?

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi ni mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule moja ya sekondari ya kutwa hapa Bungoma. Kikaoni mwenzetu mmoja alisema kwamba Jimmy Carter, yule aliyekuwa rais wa Marekani, aliingia siasa kupitia bodi ya shule kama yetu, na kwamba alichaguliwa kwa sababu alipinga ubaguzi wa rangi waziwazi. Wengine tulibisha. Ukweli ni upi? Alikuwa nani kabla ya hapo, kampeni zake za mwanzo zilikwendaje, na bodi ile ingali ipo?

Jibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mwenzenu ana nusu ya ukweli. Carter alikaa kwenye Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Sumter, jimbo la Georgia, kuanzia mwaka 1955 hadi alipoingia Seneti ya jimbo, na kabla ya kuondoka alikuwa mwenyekiti wake. Lakini kiti hicho hakukipata kwa kura ya mwananchi hata mmoja. Kwa sheria ya Georgia ya siku hizo, wajumbe wa bodi za elimu katika kaunti nyingi walichaguliwa na juri kuu, yaani jopo la raia walioitwa na mahakama ya kaunti kukagua kesi na mambo ya serikali ya pale. Na raia walioitwa katika majopo hayo walikuwa Weupe, wengi wao watu wenye mashamba na maduka, waliojuana tangu utotoni. Wao ndio walioamua nani asimamie shule za watoto wa Weupe na za watoto Weusi pia. Kwa hiyo hapakuwa na kampeni, wala mabango, wala mkutano wa hadhara.

Nalianza na hili kwa sababu linabadilisha namna ya kuyasoma mengine yote. Hapa kwetu Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, wewe ulipendekezwa na wazazi wenzako kisha bodi ya elimu ya kaunti ikakuteua. Carter hakuwa na wazazi nyuma yake. Alikuwa na jina la baba.

Baba huyo, James Earl Carter, alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa karanga katika mji mdogo wa Plains. Alikuwa amewahi kukaa kwenye bodi hiyohiyo ya elimu, na mwaka 1952 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Georgia. Aliamini utenganisho wa rangi kama walivyouamini karibu Weupe wote wa pale. Mama, Lillian, alikuwa muuguzi na aliwatibu majirani Weusi bila kuuliza nani atamtazama vibaya. Jimmy alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1924, akalelewa Archery, kijiji cha kilomita chache kutoka Plains ambako majirani wengi walikuwa Weusi. Alicheza nao na kuvua samaki nao. Asubuhi ya shule ikifika, yeye alikwenda njia yake na wao njia yao.

Alisoma shule ya Plains, ambako mwalimu Julia Coleman aliwasukuma watoto wa wakulima kusoma vitabu vizito kuliko umri wao. Carter alimtaja mwalimu huyo hata katika hotuba yake ya kuapishwa urais mwaka 1977. Kisha akaingia Chuo cha Wanamaji cha Annapolis, akahitimu 1946, na mwezi uliofuata akamwoa Rosalynn Smith, msichana wa Plains. Alihudumu kwenye nyambizi, akachukuliwa katika mpango wa nyambizi za nyuklia chini ya Hyman Rickover. Mwaka 1952 alipelekwa Chalk River, Kanada, kusaidia kufungua kinu cha nyuklia kilichoharibika. Angeweza kuzeekea huko jeshini. Julai 1953 baba yake akafa kwa saratani, na Jimmy akaacha kazi akarudi nyumbani kushika shamba na ghala, jambo ambalo Rosalynn hakulipenda kabisa. Mwaka 1954 ukaja ukame, faida ya mwaka mzima ikawa haifiki dola 200, na familia ilikuwa ikiishi katika nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini.

Huyo ndiye aliyeteuliwa mwaka 1955: mwana wa Bwana Earl, mhandisi aliyetoka jeshini, kijana wa miaka 30 hivi ambaye mji ulimwona ana akili na mkono msafi. Hakuna aliyemteua ili alete mageuzi.

Sasa tazama tarehe. Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Brown kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Georgia ikajibu kwa sheria za kununa: shule yoyote ya umma itakayochanganya wanafunzi itanyimwa fedha au itafungwa. Kwa hiyo mjumbe wa bodi ya kaunti, hata angekuwa jasiri namna gani, asingeweza kuamka na kusema watoto wakae pamoja. Ila angeweza kufanya mengi chini ya hapo, na hapo ndipo pa kumpima Carter.

Alipoanza kazi, wajumbe walizunguka shule za kaunti. Carter mwenyewe alisimulia alichokiona: vijana Weusi wakubwa wamejikunja kwenye viti vya watoto wadogo, vitabu vilivyochakaa vilivyotupwa na shule za Weupe, madarasa ndani ya makanisa. Miaka mingi watoto Weusi walitembea kwa miguu huku mabasi yakiwapita. Mabasi yao yalipopatikana hatimaye, bunge la jimbo liliagiza madigadi ya mbele, yaani vifuniko vya juu ya magurudumu, yapakwe rangi nyeusi, ili kila anayepishana nayo barabarani ajue ni basi la akina nani. Mimi nimesoma mengi kuhusu enzi hiyo, na bado jambo hilo la rangi ya madigadi hunishangaza kuliko hotuba nyingi za chuki. Kuna watu waliketi kikaoni, wakalipigia kura, wakaandika na bajeti yake.

Je, Carter alisimama kikaoni akasema hapana? Hakusimama. Rekodi yake ya miaka ile ina mambo ambayo mashabiki wake huyaruka. Mwaka 1956 Weupe wa eneo fulani walilalamika kwamba jengo jipya la shule ya watoto Weusi lingewafanya wanafunzi wa rangi mbili kupishana njiani, na Carter aliunga mkono kiwanja kihamishwe. Sumter hiyohiyo ilikuwa na shamba la Koinonia, jumuiya ya Wakristo wa rangi zote iliyoanzishwa mwaka 1942. Katikati ya miaka ya 1950 lilisusiwa na wafanyabiashara, likapigwa risasi na kutegwa mabomu. Carter hakupaza sauti hadharani kuwatetea.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Baraza la Raia Weupe, chama kilichoundwa Kusini mwa Marekani kuzuia uamuzi wa Brown, lilipofungua tawi Plains, mkuu wa polisi na mtumishi wa stesheni ya reli walimjia ghalani wakamtaka ajiunge. Akakataa. Wakarudi, wakamwambia wako tayari hata kumlipia ada ya dola tano. Akakataa tena, kwa maneno makali. Kwa muda wateja wakalisusa ghala lake. Mwanamume Mweupe mwenye biashara aliyekataa kadi ile katika mji wa watu mia chache alijulikana kwa jina, na hilo lilikuwa na gharama yake.

Ukiniuliza mimi, huo ndio ukweli wake kwenye bodi: alikataa kuwa mchochezi, lakini hakuwa mpinzani. Alijifunza polepole, na watoto waliokuwa darasani wakati anajifunza hawakurudishiwa miaka yao.

Sasa tuje kwenye kura, kwa kuwa hapo ndipo simulizi yenu ya kikaoni inapokosea zaidi. Kampeni ya kwanza ya Carter haikuwa ya kuomba kiti. Ilikuwa ya kura ya maoni, na alishindwa.

Kaunti ya Sumter ilikuwa na shule ndogondogo za sekondari za Weupe, na mji mkuu wake, Americus, ulikuwa na mfumo wake wa elimu pembeni. Shule ya sekondari yenye wanafunzi wachache haiwezi kuwa na mwalimu wa fizikia, wa lugha ya kigeni na wa hesabu za juu kwa pamoja. Carter, mtu wa kinu cha nyuklia, aliliona hilo kama hesabu tu: ziunganishwe, wapatikane walimu wa kutosha na maabara ya maana. Mwaka 1961, akiwa mwenyekiti, alizunguka kaunti akihutubia vikundi vya wazazi. Pendekezo lake halikuwa la kuchanganya rangi, lilihusu shule za Weupe tupu.

Wapinzani wakafanya hesabu nyingine. Mwaka mmoja kabla, Machi 1960, tume ya jimbo iliyotumwa kuuliza wananchi kama wako tayari kufunga shule zote kuliko kuzichanganya ilifanya kikao chake cha kwanza papo hapo Americus. Januari 1961 wanafunzi wawili Weusi, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, waliingia Chuo Kikuu cha Georgia kwa amri ya mahakama. Watu walikuwa na hofu hata ya kivuli. Ikapita minong'ono kwamba kuunganisha shule ni mlango wa nyuma wa kuwaingiza Weusi. Kuna na sababu ya kawaida ambayo wewe mwenye shule ya kijijini utaielewa bila kufafanuliwa: Plains ikipoteza shule yake, imepoteza timu ya mpira wa kikapu, mahafali, na mahali pa kukutana. Hata Hugh Carter, binamu yake, alikuwa upande wa wapinzani.

Kura ikapigwa Julai. Pendekezo likaanguka kwa tofauti isiyofika kura mia moja kaunti nzima, na Plains, mji wake mwenyewe, ndiyo iliyompiga vibaya zaidi. Siku zile mlango wa ghala lake ulibandikwa maneno ya matusi ya kibaguzi yaliyomweka yeye kundi moja na Weusi. Carter baadaye aliliita pigo hilo funzo lake la kwanza la siasa. Nikilitazama, naona kosa lake lilikuwa la mhandisi: alidhani hoja ikiwa sahihi kwa takwimu, watu wataifuata. Hakuwa amekaa na wale wa Plains barazani akawauliza wanaogopa nini.

Kampeni ya kuomba kura kwa jina lake ilikuja mwaka uliofuata, na haingekuja bila mahakama. Georgia ilikuwa na mfumo wa kuhesabu uteuzi wa vyama kwa kaunti badala ya kwa watu: kaunti nane kubwa zilipewa pointi sita kila moja, thelathini zilizofuata pointi nne, na ndogo 121 pointi mbili. Kaunti tatu za mashambani zenye watu elfu chache zililingana na Atlanta nzima. Mwaka 1962 mahakama za shirikisho ziliuvunja mfumo huo, na Seneti ya jimbo ikalazimika kuchorwa upya. Kiti kipya cha kaunti saba, Sumter ikiwamo, kikawa wazi ghafla.

Tarehe 1 Oktoba 1962, siku aliyotimiza miaka 38, Carter aliamka akavaa suruali yake ya Jumapili badala ya nguo za ghalani. Rosalynn akamuuliza kama anakwenda mazishini. Anakwenda Americus, akajibu, kujiandikisha kuwania useneta. Hakuwa amemshauri mkewe. (Hilo, nadhani, ni kosa ambalo wajumbe wengi wa bodi wanalijua.) Mchujo wa chama cha Democratic ulikuwa tarehe 16 Oktoba. Palikuwa na majuma mawili tu. Rosalynn, licha ya yote, ndiye aliyekaa na orodha za majina akipiga simu na kuandika barua, wakati mumewe anazunguka kaunti saba akisalimia watu madukani. Hoja yake kuu ilikuwa ileile ya bodi: elimu, na shule za umma zisifungwe. Mpinzani wake alikuwa Homer Moore wa Kaunti ya Stewart, naye mfanyabiashara wa karanga mwenye ghala.

Siku ya kura, rafiki yake John Pope alikwenda kuwa wakala wake Georgetown, makao ya Kaunti ya Quitman, ng'ambo ya pili ya eneo. Alichokikuta ni ofisi ya mahakama isiyo na vyumba vya siri. Watu walipiga kura mezani mbele ya Joe Hurst, kigogo wa kaunti hiyo, aliyewaambia wazi wampigie Moore. Sanduku lenyewe lilikuwa la maboksi lenye tundu kubwa juu, na Hurst hakuona haya kuingiza mkono ndani. Pope akampigia simu Carter. Carter akaendesha gari hadi huko, akaona kwa macho yake, akalalamika, akapuuzwa. Usiku, Carter alikuwa anaongoza katika kaunti sita zilizobaki. Georgetown ikatangazwa, akashindwa.

Watu wengi wangerudi shambani. Yeye na mawakili wake, hasa Charles Kirbo wa Atlanta, walikwenda nyumba kwa nyumba Quitman wakikusanya viapo. Mwandishi John Pennington wa gazeti la Atlanta Journal, naye mzaliwa wa Sumter, akachimba akaandika: walikuwamo wafu walioonekana kupiga kura, na wafungwa, na zaidi ya watu mia moja waliopiga kura kwa mpangilio wa alfabeti, kana kwamba walipanga foleni kwa majina ya ukoo. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya Jaji Carl Crow, ndani mlikuwa na karatasi 420. Wapiga kura waliopewa karatasi siku hiyo walikuwa 333. Zaidi ya karatasi mia zilikuwa zimekunjwa pamoja bunda moja, namna ambayo haiwezekani zikiingizwa mojamoja. Jaji akazitupa kura za Georgetown zote, na Carter akawa mbele kwa kura 65.

Haikuishia hapo. Usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu jaji mwingine akaamuru majina ya wote wawili yafutwe, wapiga kura waandike kwa mkono jina la wamtakaye, na si kila kituo kilitekeleza kwa namna moja. Tarehe 6 Novemba, katikati ya vurugu hiyo, Carter alipata kura 3,013 na Moore 2,182. Moore alipinga, na mpaka siku ya kuapishwa Januari 1963 Carter hakuwa na uhakika kama angekalishwa. Akakalishwa. Hurst baadaye alihukumiwa kwa wizi wa kura.

Nakuomba uzishike namba hizo mbili, 420 na 333, ukikumbuka kwamba ni Carter huyuhuyu ambaye baada ya urais aliianzisha taasisi ya kutazama uchaguzi duniani. Kituo cha Carter kilileta watazamaji Kenya mwaka 2002, kikaja tena 2013 na 2017, na Kongo mwaka 2006 na 2011. Mtu aliyewahi kuibiwa sandukuni hajifunzi utazamaji kwa kitabu. Kwamba watazamaji hao waliona kila walichopaswa kuona hapa kwetu 2017, hilo ni swali jingine, na mimi nina maoni yangu.

Kampeni zilizofuata nitazipitia haraka kwani hukuziuliza. Kule Senetini alijikita kwenye elimu, na chuo cha Americus kikapandishwa kuwa cha miaka minne. Mwaka 1966 aliwania ugavana akashindwa kwenye mchujo, akawa wa tatu. Kiti chake cha useneta kikachukuliwa na, amini usiamini, binamu Hugh. Mwaka 1970 akashinda ugavana kwa kampeni iliyowabembeleza wapiga kura wa kibaguzi, sehemu ya maisha yake isiyopendeza hata kidogo kuisoma. Kisha Januari 1971, katika hotuba ya kuapishwa, akawaambia watu haohao kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha. Akawa rais mwaka 1977, na mwaka 1979 akatia saini sheria iliyounda Wizara ya Elimu ya Marekani. Alifariki tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Kwa hiyo kikaoni waambie hivi: ni kweli alianzia bodi ya shule, si kweli kwamba alichaguliwa kwa kura, na si kweli kwamba alipinga ubaguzi waziwazi akiwa pale. Mwenzenu akibisha, mwambie tofauti baina ya mtu aliyekataa kadi ya wabaguzi na mtu aliyekataa kuhamisha kiwanja cha shule.

Na bodi ipo. Georgia iliacha kabisa uteuzi wa juri kuu mwaka 1992, wapiga kura walipobadili katiba ya jimbo ili kila bodi ya elimu ichaguliwe na wananchi. Mabishano hayakwisha, yalihama tu. Bodi ya Sumter ilikuwa na wajumbe tisa, kila mmoja wa eneo lake. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilipitisha mpango wa kuwapunguza hadi saba, wawili kati yao wachaguliwe na kaunti nzima, na ukaanza kutumika uchaguzi wa 2014. Mkazi mmoja Mweusi akaenda mahakamani mwaka huohuo, akidai kwamba viti hivyo viwili, pamoja na namna maeneo matano yalivyochorwa, vinazimeza kura za Weusi katika kaunti ambayo wao ni karibu nusu ya watu. Mwaka 2018 jaji wa shirikisho alikubaliana naye. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaushikilia uamuzi huo, na wajumbe wote saba wakawa wa kuchaguliwa maeneo kwa maeneo, kwa ramani iliyowekwa na mahakama.